Neno la Mhariri: Mpunga wa Ubaruku na Kitabu cha Nawawi

Mpunga wa Ubaruku ukishapigwa, ukapepetwa na kutiwa magunia, Muislamu mwenye jaruba huwa na swali moja kabla hajafika mashineni kukoboa: zaka yangu ni kiasi gani? Toleo hili linahusu taqlidi, yaani kufuata rai ya imamu, na ijtihadi, yaani kutafuta hukumu kwa dalili, nami naanzia hapo uwanjani. Barazani mjadala huu umekuwa wa kutupiana majina tu. Huyu anaitwa mfuata mkumbo wa madhehebu, yule anaambiwa hana mwalimu.

Wengi wetu tu Mashafii. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 huko Nawa katika nchi ya Sham, ameandika katika Minhaj kwamba nisabu ya mazao, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni wasqi 5, kipimo cha kale kinachofikia karibu kilo 650. Ila nafaka inayowekwa na ganda lake, na mpunga ameutaja, nisabu yake ni wasqi 10. Mwarabu huita mpunga na mchele kwa neno moja. Sisi tunayo mawili, kwa hiyo twamwelewa papo hapo: ganda si chakula. Kijana anayetaka kuviweka kando vitabu vya fiqhi na kubaki na hadithi ya Mtume ya wasqi 5 peke yake, na auangalie vizuri mpunga huu kwanza.

Lakini geuza ukurasa. Kilichonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Kilichonyweshwa kwa kuteka maji au kwa maji ya kununua, nusu ya hiyo. Na mifereji ina hukumu ya mvua. Sasa huyu mkulima wetu hupata maji ya mfereji, na ndani ya skimu ya umwagiliaji hulipa ada. Maji yake ni ya mfereji au ya kununua? Katika magunia 100, jibu ni 10 au 5, na kwa mwenye watoto wa kusomesha hilo si jambo dogo. Kitabu hakikuitaja skimu. Hapa anayesema “tumefuata” hajajibu kitu. Lazima mtu afikiri.

Mimi naona ada ya kusafisha mfereji na kukarabati banio haiyafanyi maji kuwa ya kununua, kwa kuwa aliyelipia njia hajalipia maji. Anayevuta kwa pampu na kununua dizeli yuko kwenye nusu bila shaka. Nimeyafikia hayo kwa kuifuata sababu aliyoitazama Nawawi, yaani gharama na mashaka ya maji, na mwenye dalili yenye nguvu zaidi ailete, nitaichapisha. Na kukhitilafiana na imamu si kuyatoka madhehebu: Abu Hanifa, imamu wa Mahanafi, hakuweka nisabu kwa mazao. Wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad ash-Shaybani, walimpinga katika hilo, na hakuna aliyewatoa katika madhehebu yake.

Ninachodai kwa masheikh wetu ni kimoja: fatwa ije na sababu yake, kwa Kiswahili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akazileta hoja za dini mbele ya wasomaji wa kawaida kwa lugha yao, wazipime.

Limebaki la mkopo wa mbolea. Mashafii hawautoi katika hesabu kabla ya zaka. Imepokewa kwamba masahaba Ibn Umar na Ibn Abbas waliona deni lililoingia shambani litolewe kwanza. Waandishi wetu wawili wamekhitilafiana hapo, na makala zao ndizo zinazofungua toleo hili.