Aliyekosa Siku ya Mtihani Naye Apimwe

Wazazi na walimu wenzangu wa Kitale na Bungoma, mradi wa elimu ukija tunaupokea kwa nyimbo. Ukiondoka, tunasomewa idadi ya vitabu vilivyogawiwa na walimu waliofunzwa. Mtoto aliingia akijua nini, akatoka akijua nini? Hapo risala hunyamaza.

Majirani zetu wa Busia walipewa vitabu vya kiada kuanzia 1996. Mchumi Michael Kremer na wenzake walipolinganisha shule zilizopata na zisizopata, wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu awali, kwani vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wanafunzi wengi.

Mwaka 2005, elimu ya bure ikiwa imeshajaza madarasa, shule kadhaa za Bungoma na Butere-Mumias zilipata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Kwingine watoto waligawanywa kwa uwezo, kwingine kwa kura. Baada ya miezi 18 walipimwa kusoma na hesabu, sehemu kwa maandishi, sehemu mtoto mmoja mmoja ana kwa ana. Walipogawanywa kwa uwezo, wenye nguvu na wanyonge pia walisonga mbele zaidi. Lakini linalonigusa mimi ni hili: watoto waliochaguliwa kupimwa wakakosekana siku hiyo, hata walioacha shule, walifuatwa nyumbani kwao, na waliopatikana wakaletwa.

Ndivyo inavyopasa! Shule ikipoteza wanyonge wake kumi, wastani hupanda bila mtu kujifunza hata herufi moja. Nasi tumeyaona: mtoto analazimishwa kurudia darasa asije akaishushia shule alama, na siku ya matokeo tunapiga vigelegele. Huko ni kumdhulumu mtoto.

Msiniambie ni gharama. Kuanzia 2009 watu wa mradi wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba na maswali ya kiwango cha darasa la pili, wakiwapima watoto, wawe shuleni au wasiwe.

Basi mradi mwingine ukija, bodi ya shule na idai kwanza majina yote yaandikwe na kila mtoto apimwe kabla ya kitabu cha kwanza kufunguliwa. Mwishoni aje mpimaji mgeni, asiwe mwalimu wa darasa hilo, na orodha iwe ile ile. Aliye shambani akivuna mahindi afuatwe huko huko.