Kabla hajahamia hosteli, mfundishe kulinda nywila

Oktoba ikikaribia, familia yenye mtoto anayeanza chuo kikuu hukimbizana na ada, godoro, ndoo na pasi. Simu au kompyuta mpakato ikipatikana, wazazi huona kazi imekwisha. Ni wachache wanaokaa na kijana wao kuzungumza kuhusu mtandao atakaoukuta hosteli.

Mtandao wa chuo si sawa na bando ambalo mtu hujinunulia mwenyewe. Ni mali ya chuo, unatumiwa na wengi na una masharti yake. Mwanafunzi hupewa jina la kuingilia na nywila, na mara nyingi huyakubali masharti hayo bila kuyasoma.

Tatizo huanza chumbani. Hosteli watu hupeana sukari, sabuni, hata viatu, hivyo kumnyima mwenzako nywila huonekana uchoyo. Lakini mfumo hauoni sura ya mtu. Hutunza kumbukumbu ya akaunti iliyoingia, kifaa kilichotumika na saa. Mwenzake akimtukana mtu au akisambaza picha za utupu, atakayeanza kuitwa kujieleza ni mwenye akaunti. Katika vyuo vingi, nywila hiyohiyo hufungua pia matokeo, barua pepe na usajili wa masomo.

Mambo haya yanaweza kuvuka kamati ya nidhamu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabia kosa anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh3 milioni, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hiyo "nilikuwa najaribu tu" si utetezi wa kutegemea.

Siri za watu nazo zilindwe. Anayelala kitanda cha juu anaweza kuona dawa au kadi ya kliniki ya mwenzake. Picha moja ikirushwa kwenye kundi la wanahosteli haifutiki tena vichwani mwa watu, na mgonjwa anaweza kuacha dawa kwa aibu.

Halafu kuna ubinafsi. Mtandao wa hosteli ni kama bomba la maji: wa chini akiacha koki wazi, wa ghorofa ya juu hapati tone. Anayepakua filamu kumi jioni humkwamisha anayetuma kazi ya mhadhiri kabla ya saa sita usiku. Wengine husubiri usiku wa manane ili mtandao uwe mwepesi, kisha husinzia darasani. Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi, na mwanafunzi hana msamaha katika hilo.

Mzazi afanye nini? Amwambie mtoto asome masharti ya chuo, atoke kwenye akaunti kila anapotumia kompyuta ya wengine, na aandae jibu la upole: "Nywila siwezi kukupa, ila njoo nikusaidie kupata yako kitengo cha Tehama."

Kama ameshaitoa, aibadili siku hiyohiyo na akiona jambo la ajabu atoe taarifa mapema. Hapo ndipo nyumbani panapohitajika zaidi. Kijana anayejua atafokewa kabla ya kusikilizwa hunyamaza, na mzazi huja kupata habari wakati barua ya kusimamishwa masomo imeshaandikwa.