Msiisingizie Baridi ya Jaruba

Huku Mlimba, mtu akishindwa kukunja vidole asubuhi, hukumu hutolewa kabla hajafika zahanati: ni baridi. Amesimama mno kwenye maji ya mpunga, baridi imemwingia mifupani. Basi anakandwa, anafungwa khanga, anaambiwa alale. Hukumu hiyo naipinga kwa uchungu, kwa sababu inalemaza watu wanaotibika.

Kama maji ya jaruba ndiyo yanayoharibu viungo, bonde zima la Kilombero lingetembelea magongo, maana nani huku hajapanda mpunga? Na fundi cherehani asiyekanyaga tope angesalimika. Hasalimiki. Kuinama kutwa kunachosha mgongo, sikatai, na penye ubaridi maumivu huweza kuzidi. Lakini kuzidisha ugonjwa si kuuleta.

Miongoni mwa magonjwa yanayojificha nyuma ya imani hii ni yabisi ya soriasisi. Hapa kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, ngozi na viungo pamoja. Kwa wengi hutangulia mabaka yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti au ndani ya nywele. Viungo hufuata miaka kadhaa baadaye, mara nyingi mtu akiwa na miaka 30 hadi 50, yaani katika nguvu zake za kulima. Kidole kizima huvimba kama ndizi kisukari. Kisigino huuma pale kano inaposhika mfupa. Kucha hupata vishimo vidogo vidogo. Asubuhi viungo hukakamaa zaidi ya nusu saa, kisha hulegea mtu akijishughulisha; kumlaza kutwa ni kumzidishia.

Ila ngozi hufichwa. Ifakara ilikuwa na kituo cha wagonjwa wa ukoma, Nazareti, na hofu ya mabaka bado ipo. Soriasisi si ukoma, wala haiambukizi. Shirika la Afya Duniani lilikiri hivyo mwaka 2014. Hata hivyo mgonjwa huingia kwa daktari na kofia na mikono mirefu, anaonyesha goti tu, anarudi na diklofenaki. Anaimeza miezi na miezi. Maumivu yanatulia, tumbo linapata vidonda, na kiungo kinaendelea kuliwa. Kikishaliwa hakirudi. Wengine hununua predinisoloni dukani, nafuu ikija wanaiacha ghafla, na ngozi inalipuka upya.

Ipo methotrekseti, dawa ya miaka mingi, inayotuliza ngozi na viungo. Humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, kwa usimamizi wa daktari anayepima damu na ini. Pombe iachwe, na mjamzito asiiguse.

Waganga wa zahanati zetu, ulizeni habari za ngozi na tazameni kucha kabla ya kuandika dawa ya maumivu. Nawe uliyevimba vidole, nenda hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, uvue kofia, uonyeshe kila baka.