Nairobi si steji, ni kwetu

Ukiniuliza kwetu ni wapi, nakwambia Kayole. Najua hujaridhika. Utauliza tena, "Zii, kwenu kabisa?" Unataka jina la kijiji. Mimi nilizaliwa Pumwani, nikasomea Eastlands, na nikaacha chuo hapa hapa tao karo iliponishinda. Ushago huwa naenda tu kukiwa na matanga. Sasa kwetu ni wapi?

Hebu angalia hili jiji. Mwaka 1899 reli ilifika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikijua kwa maji yake baridi, na hapo ndipo jina Nairobi lilitoka. Mwaka 1905 makao ya serikali ya kikoloni yakahamishiwa hapa kutoka Mombasa. Baadaye Mwafrika alikuja kufanya kazi na kipande kikining'inia shingoni, lakini alihesabiwa mgeni. Kazi ikiisha, arudi alikotoka.

Mkoloni alienda, wazo lake tukabaki nalo. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 4.4 Nairobi, na bado wengi wetu tunaishi kama abiria wanaongojea gari. Taka zikirundikana nyuma ya ploti, tunafunga dirisha. Mto ukinuka, tunashika pua na kupita. Mimi mwenyewe mwaka 2022 nilipanda basi kwenda kumpigia kura ushago mtu nisiyemjua, kwa sababu mzee alisema huko ndiko kwetu. Nikarudi mtaani kulia na kanjo.

Kumbuka Uhuru Park. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 pale. Wangari Maathai alizaliwa Nyeri, lakini hakusema "hapa si kwetu". Alipinga, akakejeliwa hadi bungeni, na jumba halikujengwa. Bustani ingali pale kwa sababu mtu aliiona ni yake.

Sikwambii usahau ushago. Shamba la babu liheshimu. Lakini kama unalala Pipeline karibu mwaka mzima, jisajili kupiga kura Pipeline. Jua jina la MCA wako na umuulize taka zinaenda wapi. Nairobi ina wadi 85, na moja ni yako.

Na siku nyingine nikikwambia kwetu ni Kayole, usiniulize mara ya pili.