Kabla ya kununua pampu ya maji ya moto, pima bomba lako kwanza

Kwa sisi tulio huku Nyanda za Juu Kusini, Juni hadi Agosti si miezi ya mchezo. Ng'ombe anakamuliwa alfajiri, vyombo vya maziwa vinasubiri kuoshwa, mgeni wa gesti anataka kuoga awahi basi. Unafungua koki ya maji ya moto, yanatoka ya baridi kama ya mtoni. Unasubiri, na maji yanamwagika.

Ndiyo maana siku hizi naulizwa swali moja karibu kila ninapopita: "Bwana shamba, ile pampu ya kuzungusha maji ya moto tunayoiona kwenye simu inafaa?"

Jibu langu ni hili: inawafaa wachache, na hata kwao iwe kitu cha mwisho kununuliwa, si cha kwanza. Wengi wetu tatizo letu si kukosa pampu. Tatizo ni bomba refu, nene na lisilofunikwa. Ukiweka pampu juu ya tatizo hilo, maji yatawahi kweli, lakini utalipia joto linalopotea usiku na mchana.

Kwa nini maji ya moto yanachelewa

Ukifunga koki, maji ya moto hubaki ndani ya bomba kati ya tanki na bafu. Yakikaa hapo yanapoa. Ukifungua tena, lazima yale yaliyopoa yatoke kwanza ndipo ya moto yafike.

Kiasi kinachomwagika unaweza kukikadiria mwenyewe. Bomba la nusu inchi hubeba kama lita 0.2 kwa kila mita. La robo tatu hubeba zaidi ya lita 0.3, na la inchi moja linafika nusu lita au zaidi kidogo. Kwa hiyo kama tanki lako liko mita 20 kutoka bafuni na fundi alikuwekea nusu inchi, kuna lita 4 za kumwaga. Akikuwekea inchi moja, ni lita 10 au zaidi. Na kwa kuwa bomba lenyewe ni la baridi na linanyonya joto, utamwaga zaidi ya hapo.

Chukua gesti ya vyumba 8. Kila mgeni akimwaga lita 6 asubuhi na lita 6 jioni, ni lita 96 kwa siku, karibu ndoo 5. Kwa mwezi wa siku 30 ni karibu lita 2,900, yaani simtanki la lita 1,000 mara tatu kasoro kidogo. Maji hayo umeyalipia, au kuna mtu ameyabeba kichwani. Bandu bandu huisha gogo.

Pampu inafanya nini

Pampu hii ni ndogo. Inayavuta maji yaliyopoa ndani ya bomba na kuyarudisha kwenye tanki, ili ya moto yawe karibu na koki muda wote. Kwa kawaida inahitaji bomba la pili la kurudishia maji. Zipo pia zinazotumia bomba la maji ya baridi kama njia ya kurudi, kwa kufunga vali maalumu chini ya sinki.

Zikiendeshwa vizuri zinaokoa maji. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kuuziwa pampu na kuambiwa kwamba basi, umemaliza.

Kosa nililolifanya mimi

Miaka michache iliyopita mama mmoja mwenye gesti ya vyumba 8 aliniomba ushauri. Alikuwa na hita ya sola ya lita 200 juu ya mnara nyuma ya nyumba, yenye koili ya umeme ya kusaidia siku za mawingu. Bomba lilikuwa la mita 20 hivi, limepita nje ukutani, wazi kabisa. Wageni walikuwa wakilalamika. Nikamwambia anunue pampu na fundi avute bomba la kurudi.

Wiki ya kwanza nilisifiwa. Maji yalitoka moto mara tu koki ilipofunguliwa. Mwezi haujaisha akanipigia simu: "Bwana shamba, maji yanawahi kweli, lakini na luku nayo inawahi kuisha."

Nikarudi tukakaa na kalamu. Pampu yenyewe ilikuwa ya wati 25. Hata ikizunguka saa 24 inakula yuniti 0.6 tu. Sasa angalia mabomba. La kwenda mita 20, la kurudi mita 20, jumla mita 40, yote yamejaa maji ya moto na yote yako wazi kwenye baridi. Bomba la namna hiyo hupoteza kama wati 20 kwa kila mita. Hizo ni wati 800. Ni kama kuacha pasi ya nguo imewashwa ukutani ukienda kulala.

Kwa saa 12 za usiku hizo ni zaidi ya yuniti 9. Na tanki la lita 200 lililopashwa kutoka nyuzi 15 hadi 55 lina joto la yuniti 9 na kidogo. Maana yake, joto lote ambalo jua lilimpa bure mchana kutwa, tulikuwa tunalipeleka kupasha ukuta wa nje usiku. Koili nayo ilikuwa inawaka kulirudisha, kwa pesa yake. Siku umeme ukikatika, wageni wanaamkia maji ya vuguvugu.

Yule mama hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyempa dawa kabla ya kupima ugonjwa. Tuliyafunika mabomba, tukafunga swichi ili pampu iwashwe pale tu mgeni anapotaka kuoga, na luku ikatulia. Lakini tungefunika kwanza, angeweza kuanza na nusu ya gharama.

Fanya hivi kwa mpangilio huu

Kwanza, pima. Weka ndoo chini ya koki asubuhi kabla hajaoga mtu. Fungua, angalia saa ya simu, subiri maji yawe moto. Andika lita na sekunde. Rudia kwenye kila koki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maji ni hivyo hivyo. Kama ni chini ya lita 2, acha, huna tatizo la kununulia kifaa.

Pili, kinga yale ya kwanza. Ndoo iliyopokea maji yaliyopoa ipeleke kwa ng'ombe, chooni au kwenye kudeki. Hatua hii haina gharama na unaweza kuianza leo.

Tatu, sogeza hita ifuate koki, si koki ifuate hita. Kama bado hujajenga, weka bafu, jiko na chumba cha kuoshea vyombo vya maziwa upande mmoja, na tanki juu yake au jirani yake. Mita 5 badala ya 20 zinashinda pampu yoyote, na hazihitaji umeme. Nimeona nyumba nyingi ambazo tanki limewekwa mbali kwa sababu tu fundi alipata nafasi rahisi ya kusimamisha mnara. Simama naye siku ya kupima.

Nne, usichukue bomba nene kuliko mahitaji. Nusu inchi kwa bafu moja mara nyingi inatosha. Ila kama tanki lako liko chini na maji hayana nguvu, usibane sana. Jadiliana na fundi. Na hakikisha bomba ni la maji ya moto, kama PPR iliyoandikwa hivyo. Bomba la plastiki la kawaida la maji ya baridi hulegea likipata joto, viungo vikaachia.

Tano, funika bomba. Ile sponji nyeusi wanayofunikia mabomba ya friji na viyoyozi inafaa sana. Hupunguza upotevu wa joto kwa zaidi ya nusu. Nje, izungushie kitu cha kuzuia jua na mvua, maana jua huila. Ukikosa sponji, blanketi kuukuu lililofungwa vizuri na nailoni juu linasaidia, mradi lisilowe. Kitambaa kilicholowa ni kibaya kuliko kutofunika. Bomba linalopita chini ya ardhi lipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi, kwa sababu udongo wenye maji hunyonya joto.

Niseme ukweli: kufunika hakumsaidii sana mtu wa kwanza wa alfajiri, kwa sababu usiku kucha maji yatapoa tu. Kunamsaidia wa pili, wa tatu na wa nne.

Ukimaliza hayo, pima tena. Wengi mtaishia hapo.

Nani sasa anunue pampu

Kama una gesti, mgahawa au zahanati yenye koki nyingi mbali na tanki, na hata baada ya kufunika bado unamwaga lita nyingi, nunua. Lakini chagua inayowashwa kwa kitufe na kujizima yenyewe maji ya moto yakifika. Ukikosa hiyo, chukua yenye taima, iwake saa za kuoga tu. Weka vali inayozuia maji kurudi nyuma. Na ukijua maji ya kijijini kwenu hukatika, weka kinga ya pampu kutozunguka ikiwa kavu, maana itaungua.

Mfugaji, jihadhari na ile inayotumia bomba la baridi kama njia ya kurudi. Baada ya pampu kuzunguka, koki ya baridi hutoa maji ya vuguvugu kwanza. Wewe unayepoza maziwa kwa maji ya baridi ya bomba, hilo linakuharibia kazi.

Kwa nyumba ya kawaida, hesabu ni nyepesi zaidi. Ndoo ya lita 20 ya kuogea kwa baridi ya huku inapatikana kwa kuchanganya kama lita 6 za maji yaliyochemka na lita 14 za baridi. Hapo hakuna bomba la kusubiri. Kwa kuosha kiwele alfajiri, chupa ya chai iliyojazwa usiku inatosha. Vyombo vya maziwa suuza kwanza kwa maji ya baridi au vuguvugu, ndipo uoshe kwa moto na sabuni. Ukianza na ya moto sana, maziwa yanagandia kwenye chombo.

Watakaosema haya ni mambo ya mjini

Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, sisi tunatafuta bei ya mbolea, wewe unatuletea habari za bafu." Nawaelewa. Lakini umeme umefika vijijini, hita za sola zinaletwa na mafundi kila soko, na pesa inayozinunua ni ile ile ya viazi na maziwa. Kifaa kisichofaa kinakula mtaji sawasawa na mbegu feki. Na mahali ambapo bado maji yanabebwa, kila ndoo inayomwagika bafuni ina shingo iliyoibeba, mara nyingi ya binti aliyepaswa kuwa njiani kwenda shule.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujampigia fundi, tenga ndoo na dakika 5. Pima. Andika. Kisha ujue kama unachohitaji ni pampu, au ni sponji na fundi atakayelifupisha bomba.