Tahadhari: Yaya Anayeondoka kwa Siri

Hapa kijijini kwetu Birongo, yaya mwema anatafutwa.

Anatafutwa na mwalimu wa kijiji jirani atakayejifungua mwezi ujao. Anatafutwa na familia iliyohamia Kisii mjini, na shangazi aliye Nairobi. Na sasa anatafutwa na wakala wa kazi za Saudi Arabia, anayempigia simu mchana, saa ambazo wewe umo shambani au kazini.

Wazazi wanalijua hilo na wameingiwa na hofu. Hofu yao naielewa. Mama anayetoka alfajiri kuchuma chai, baba mwenye duka sokoni, mwalimu wa kipindi cha kwanza, wote wanategemea mikono ya msichana mmoja. Akiondoka, nyumba nzima inasimama.

Ila tunayoyafanya kwa sababu ya hofu hiyo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi.

Tunaficha vitambulisho vya wasichana hawa.

Tunashikilia mishahara yao.

"Pesa zako nimekuwekea, nitakupa Desemba." "Kitambulisho chake ninacho mimi, haendi popote." Maneno haya nimeyasikia kwenye foleni ya posho mill, nimeyasikia hata nje ya kanisa baada ya ibada. Yanasemwa kwa utulivu, kama mtu aliyepata dawa ya ugonjwa unaowasumbua wenzake.

Si dawa. Ataenda tu. Tofauti ni kwamba ataenda kwa siri.

Na siri ndiyo hatari yenyewe.

Mwaka jana jirani yangu aliamka saa kumi na mbili asubuhi akakuta mlango wa jikoni umerudishiwa tu. Uji wa wimbi ulikuwa umepikwa na kutiwa kwenye thamosi. Nguo za mtoto zilikunjwa vizuri juu ya kiti, kofia ikawekwa juu kabisa. Yaya hayupo. Alikuwa akidai mshahara wa miezi mitatu, na kitambulisho chake kilikuwa kabatini, chini ya hati ya shamba. Aliviacha vyote. Jirani alikaa nyumbani wiki mbili bila kwenda kazini. Mtoto alikimbilia mlangoni kila boda ilipopita, akiita, "Anti! Anti!"

Sisi tulimhurumia jirani. Wachache tuliuliza habari za msichana.

Msichana wa miaka 22, saa tisa za usiku, barabara ya Keumbu, hana nauli wala kitambulisho. Ni nani anayemngoja? Ni yule aliyemwambia kwamba atamtengenezea kila kitu. Asiye na kitambulisho hukubali karatasi za kughushi. Asiye na nauli hukubali mkopo wa wakala, na deni hilo analibeba hadi ughaibuni. Aliyetoroka hawezi kumpigia mwajiri wake wa zamani amwombe ushauri. Haya yote tumemfanyia sisi, kabla wakala hajamgusa.

Sisemi asiende. Wapo waliokwenda wakarudi salama, wakawajengea wazazi nyumba na kuwasomesha wadogo zao. Lakini anayekwenda ajue anakokwenda. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba kwa sababu ya mateso, kisha ikauruhusu tena mwaka 2017 kwa masharti. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili. Wengi walikuwa wafanyakazi wa nyumbani. Sababu iliyotajwa kwa vifo vingi ni moyo kusimama. Vijana wale walipimwa afya kabla ya kuondoka, na moyo ukawasimama wote?

Kuna madhara mengine, na haya yanabaki hapahapa Birongo. Yaya akitoroka leo, kesho mzazi aliyebanwa atamchukua mtoto wa binamu yake aliye Gredi ya 7. "Ni kwa muda tu, mpaka nipate mwingine." Muda unakuwa muhula. Muhula unakuwa mwaka. Huyo ni mtoto anayelea mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka awe shuleni, na mzazi anayemzuia anavunja sheria. Hivyo ndivyo madhara yanavyosambaa, kutoka nyumba moja hadi nyingine, bila mtu kupiga kelele.

Tuseme ukweli kuhusu pesa pia. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani nje ya miji na manispaa kiliwekwa kuwa takriban shilingi 8,600 kwa mwezi. Nazijua nyumba zinazolipa 4,000, na mwezi mbaya hazilipi kitu. Wakala wa Saudi anataja takriban 30,000. Hatuwezi kushindana na 30,000. Lakini tunaweza kukomesha kutolipwa.

Nimewasikiliza wasichana hawa. Wengi hawaanzi na kiasi. Wanaanza na tarehe: "Sijui nitalipwa lini." Halafu wanataja siku ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku moja kila siku saba, na likizo ya siku 21 zenye malipo kila mwaka. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inahitaji mkataba ulioandikwa, na kama hawezi kuusoma, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Hapa kwetu hiyo ni Ekegusii, mezani, dakika ishirini. Sheria hiyohiyo inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kabla ya kuacha kazi, na wewe pia ukimwachisha. Siku 28 zinatosha kumtafuta mwingine, amzoee mtoto huku wa kwanza bado yupo. Lakini notisi hutolewa na mtu asiyeogopa kunyimwa chake.

Kwa hiyo lipa deni lote unalodaiwa, wiki hii. Taja tarehe ya mshahara na uishike. Mwambie waziwazi: "Ukipata kazi nyingine, niambie. Sitakuzuia." Ni maneno magumu kutamka, najua. Yaseme.

Na akikuambia anataka kwenda Ghuba, kaa naye. Tafuteni jina la wakala katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyo kwenye tovuti yao. Jina lisipokuwemo, asiende. Asipopewa mafunzo ya kabla ya safari, asiende. Wakala akitaka pesa kwa simu bila risiti, asiende. Abaki na nakala ya mkataba, na nyingine aiache kwa mamake.

Kile kitambulisho kilicho kabatini kwako ni chake. Mrudishie leo jioni, kabla hajalala.