Barua ya Wazi kwa Walimu Wakuu na Kamati za Shule: Lifungueni Kabati la Vitabu

Ndugu Walimu Wakuu wa shule za msingi, Maofisa Elimu Kata na wajumbe wa kamati za shule,

Tangu 2023 taifa letu la Tanzania linatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ushairi umo. Tunashukuru. Hata hivyo, tuzo humkuta mshairi amekwisha kuiva. Mbegu yake hupandwa huko kwenu, darasa la tatu au la nne.

Mfikirieni mshairi Abdilatif Abdalla. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946, akalelewa na babu yake Ahmad Basheikh, aliyekuwa mshairi. Ndugu yake Ahmad Nassir ndiye mtunzi wa Malenga wa Mvita. Mwaka 1969 Abdilatif alifungwa kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 tungo hizo zikachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Vina vimo, mizani imetimia. Kila kitu alinyang'anywa, ila utunzi aliokulia hakuna askari aliyeweza kumpokonya.

Watoto wetu wengi hawana babu mshairi. Wana shule tu. Lakini katika shule moja niliyofika, vitabu vya hadithi vilikuwa kabatini ofisini, vingine bado viko ndani ya nailoni, na kabati limepigwa kufuli. Mwalimu alinieleza bila kificho: kitabu kikipotea, anadaiwa yeye. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake iko mikononi mwenu. Kwanza, kamati ikae, iandike kwenye muhtasari kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa si hasara na mwalimu hatadaiwa. Kisha kila mtoto aende nacho nyumbani Ijumaa, akirudishe Jumatatu.

Pili, tengeni dakika kumi kwa wiki za kughani. Shairi lisiishie kwenye maswali ya mtihani. Watoto wagonge mizani kwa vidole juu ya dawati: silabi nane, wapumue, nane tena. Sikio likishazoea, mtoto hutambua mwenyewe mshororo uliopungukiwa, nao utamkera mpaka aurekebishe. Hapo ndipo anapoanza kutunga.

Tatu, rudisheni rangi na penseli. Mtoto wa Tanzania hukutana na sanaa na maandishi pamoja kwenye kanga ya mama yake: pindo, mji na jina. Mpeni karatasi achore kanga yake, kisha aitungie jina. Atalazimika kusema jambo zito kwa maneno machache, na hiyo ndiyo kazi ya mshairi.

Kazi zao zibandikeni ukutani, majina yao yakionekana. Mtoto aliyesikia shairi lake likighanwa mbele ya wenzake huanza kuamini kwamba mshairi Shaaban Robert naye aliwahi kuwa mtoto wa shule kama yeye, na kwamba njia ile ya utunzi iko wazi kwake pia.

Haya hayasubiri bajeti mpya wala waraka kutoka wizarani. Vitabu vipo, watoto wapo, ufunguo mnao. Nawaomba mlifungue kabati muhula huu.

Wenu katika kulea vipaji,
Mzazi na mpenzi wa ushairi